Uti, Ugwe na Pingili: Uhakiki wa Maneno ya Utengamao katika Bukoba na Muleba

Mtu aangukaye kutoka juu ya mti katika kijiji cha Muleba, au apigwaye na pikipiki katika njia ya Bukoba, au aangukiwaye na ukuta kama ilivyowapata watu katika tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, akapoteza nguvu za miguu, hupita katika mikono mingi kabla ya kurudi nyumbani kwake. Majirani humbeba, hupelekwa Rubya, Ndolage au Kagondo, ama katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyo Bukoba mjini, na jamaa wakiwa na uwezo, hufikishwa hata Bugando, Mwanza, au Dar es Salaam. Katika kila mkono hupokewa kwa maneno. Makala hii yahusu maneno hayo wala si dawa, maana mwandishi si tabibu. Lakini sikubali kwamba jambo la lugha hapa ni dogo. Nadai kwamba Kiswahili tulichowatengenezea watu hawa kina majina ya kutosha ya idara na vyuo, ila kwa saa ishirini na nne za mtu mwenyewe kimeachia maneno yasiyofaa. Na kasoro hiyo huumiza watu.

Tuanze na uti wa mgongo. Uti ni ndugu wa mti: kitu kigumu, kilichonyooka, chenye kubeba kingine. Ndiyo sababu ilipotangazwa kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, hapana aliyehitaji kufasiriwa. Mhaya naye, aliye na omuti na omugongo katika lugha yake, hulielewa neno hilo mara moja. Walakini ndani ya mifupa ile, iliyopangwa pingili juu ya pingili mithili ya muwa, mna kitu kingine kabisa: kamba laini, unene wake kadiri ya kidole kidogo cha mkono, iteremkayo kutoka ubongoni, ichukuayo amri za kutembea na kurudisha habari za maumivu, joto na haja. Kamba hii nayo twaiita uti wa mgongo. Tena ugonjwa wa utando unaozunguka ubongo na kamba hiyo twauita homa ya uti wa mgongo, na aghalabu watu huacha lile neno homa wakasema uti wa mgongo tu. Mambo matatu, jina moja. Na kana kwamba hayo hayatoshi, herufi tatu za Kiingereza zinazotaja maambukizi ya njia ya mkojo, UTI, zikiandikwa kwa herufi kubwa hazina tofauti yoyote na uti wetu. Na maambukizi hayo ni miongoni mwa maradhi yamsumbuayo mara nyingi zaidi mtu aliyeumia mgongo. Katika cheti kimoja huweza kuwamo uti wa mfupa, uti wa kamba na UTI ya mkojo, na mke aliyesoma mpaka darasa la saba ndiye atakiwaye kuvitenga.

Wako waliotumia ugwe wa mgongo, au ugwe mgongo, kwa ile kamba. Nawaunga mkono. Nimesikia ikisemwa kwamba ugwe ni neno la pwani, na bara halijulikani. Ni kweli, lakini pingili yajulikana kila penye muwa, na aelezaye kwamba ugwe ni kamba ipitayo katikati ya pingili amekwisha kufasiri.

Uzito wa jambo hili waonekana katika sentensi mbili. Ya kwanza: “Uti wa mgongo umevunjika.” Ya pili: “Ugwe wa mgongo umeumia.” Ya kwanza ni habari ya mfupa, na kila mtu ajua kwamba mfupa huungwa. Jamaa waliopewa sentensi hiyo hutafuta muungaji mifupa, kisha hungoja. Nao hawana ujinga wowote, maana wametii maana ya neno waliloambiwa. Ya pili ni habari nyingine. Ugwe haungi kama mfupa ungavyo. Ulioumia kwa sehemu huweza kurudisha nguvu kiasi, na uliokatika kabisa haurudi kwa tiba tuliyo nayo leo. Miezi ile ya kungoja mfupa ndiyo miezi ambayo mtu alipaswa kufundishwa kugeuka, kukaa, kutoa mkojo na kuilinda ngozi yake. Hata jina la taasisi lachangia. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, hutibu ubongo na ugwe pia. Lakini midomoni mwa watu yaitwa Mifupa, na aliyempeleka kijana wake Mifupa atasadiki kwa urahisi kwamba kilichoharibika ni mfupa.

Neno kupooza silitendei haki nikilipita upesi, ila nafasi ni ndogo. Latosha kusema kwamba hutumika kwa kiharusi, kwa ugwe ulioumia, na hata kwa sherehe isiyochangamka. Nalo halisemi asili ya ugonjwa.

Nageukia jina la kazi yenyewe. Tanzania tumekuwa na majina matatu yanayoshindana. Ukarabati ni neno la paa na barabara, na simwoni mtu ndani yake. Marekebisho limo katika jina la vyuo vya serikali, mfano wake Chuo cha Ufundi Stadi na Marekebisho kwa Watu Wenye Ulemavu kilichoko Yombo. Lakini kirekebishwacho ni kosa, kama katika sheria au katika chapa ya kitabu, na aliyevunjika shingo hakukosea. La tatu ni utengamao, ambalo wizara ya afya hulitumia kwa huduma hizi. Hili nalisifu bila kusita. Latokana na kutengamaa, yaani kutulia katika hali njema baada ya msukosuko; na ile sauti -ama iliyomo yafanana na ile tuisikiayo katika simama, inama, egama na chutama, vitenzi vya mwili uliotulia katika namna fulani. Sijui kama aliyelichagua aliona hayo, lakini lugha imemfanyia kazi yake. Kutengamaa hakudai kwamba mtu arudi alivyokuwa. Hudai atulie mahali papya. Laiti maneno mengine yangalichaguliwa hivyo!

Maana tukiondoka kwenye kibao cha mlangoni tukaingia katika siku ya mtu, mambo ni mengine. Kiswahili husema mtu ameshikwa na haja, amebanwa, asikia haja. Haja ndiyo itendayo, mtu ndiye atendwaye. Sasa mwuguzaji, aghalabu mama au mke, humwuliza aliyelala: “Wasikia haja?” Naye hujibu kwa ukweli mtupu: “Sisikii.” Hasikii kwa kuwa njia ya habari imekatika, na kibofu kimejaa. Kibofu kilichoachwa kikafurika huharibu figo. Na kwa aliyeumia juu ya pingili ya sita ya kifua, kujaa huko huweza kupandisha shinikizo la damu hata ikawa hatari ya kufa. Swali lilikuwa la upendo, na sarufi yake ndiyo iliyodanganya. Swali lifaalo ni la saa: “Saa imefika?” Kwa atumiaye mpira wa kuingiza na kutoa, saa hiyo huja kila baada ya saa nne hadi sita.

Swali hili la saa lina faida nyingine ambayo waandishi wa mafundisho ya afya hawaitaji. Katika nyumba za Buhaya, kama katika nyumba nyingi za Kibantu, yako mambo ambayo baba mkwe hawezi kuyatamka mbele ya mke wa mwanawe, wala yeye kumwuliza mkwewe. Haja ndiyo ya kwanza. Lakini saa hutamkwa mbele ya mtu awaye yote, na heshima ikabaki mahali pake.

Na kujisaidia je? Neno hili la adabu limekuwa mzaha wa kikatili. Mtu husaidiwa kujisaidia. Asiyeweza kujisaidia huandikwa kwamba amejisaidia kitandani. Hapa sina neno badala, nami naona afadhali kusema mkojo na choo wazi, kama wauguzi wasemavyo wao kwa wao.

Kidonda cha kulalia chahitaji maneno machache zaidi. Kauli ya kutendea katika lalia yaonyesha mahali pa kulala, basi jamaa hudhani kwamba mtu akitolewa kitandani akaketishwa barazani kutwa, hatari imekwisha. Kumbe makalio nayo huoza kwa kukaliwa. Kidonda cha mgandamizo chataja sababu, nacho chamwongoza mwuguzaji: kitandani ageuzwe kila saa mbili, kitini anyanyuke au anyanyuliwe mara kwa mara, hata mara mbili na zaidi katika saa moja.

Hapo twafika kwenye -ji-. Sherehe nyingi zimefanywa juu ya ki- ya kilema na kiziwi, kwamba yamshusha mtu katika ngeli ya vitu. Hoja hiyo ina ukweli wake, na Kihaya kisemacho omulema, katika ngeli ya watu na kwa mzizi ule ule, chaitia nguvu. Lakini ki- hiyo hiyo imo katika kiongozi na kijana, nasi tumeishi nayo. Silabi iliyonishughulisha mimi ni -ji-. Lugha ya hisani imeiweka katika ukanushi: wasiojiweza, jina lililobandikwa hata katika makazi ya wazee. Lugha ya utengamao yapasa kuirudisha katika ukubali: kujigeuza, kujiinua, kujihamisha kutoka kitandani hata kitini. Aliyeumia kiunoni aweza yote matatu akifundishwa. Ila nachelea kuifanya -ji- kuwa mizani ya utu, maana aliyeumia shingoni pengine hataweza hata moja. Yeye aweza kuagiza: nigeuze sasa, anza na bega. Anayeagiza kugeuzwa kwake si sawa na anayegeuzwa, na Kiswahili chetu cha hospitali kingali chaandika wote wawili kwa neno moja, amegeuzwa.

Nimalizie na kiti. Vitabu vyasema kiti cha magurudumu. Wizara na waletao misaada husema kiti mwendo, jina lililounganishwa kwa nomino mbili kama batamaji, nalo ni zuri. Vijijini wengi husema baiskeli tu. Wasahihishaji hulikata neno hilo kwa wino mwekundu, lakini yafaa waangalie vitenzi vinavyofuata. Juu ya kiti mtu hukaa, au huwekwa, na siku hizi hata “amefungwa kwenye kiti”, maneno yaliyoletwa mzimamzima kutoka Kiingereza. Baiskeli huendeshwa. Katika vilima vya Muleba, penye njia nyembamba kati ya migomba na mvua iteremshayo udongo, baiskeli hiyo mara nyingi hukwama, na mwenyewe husukumwa. Hata hivyo majirani husema kwamba fulani amekwenda sokoni na baiskeli yake, na mtendaji katika sentensi hiyo ni yeye.