Mkwaju wa Chini kwa Chini

Kuna mkwaju mmoja wa gofu ambao haupendezi sana kwenye televisheni, nao ndio ninaouhusudu kuliko mingine yote. Mpira haupai juu kuyafuata mawingu. Unatoka kwenye fimbo ukiwa chini, kimo cha kifua cha mtu mzima, unaukata upepo, unatua mapema ukiwa bado mbali na shimo, kisha unaanza safari ya pili juu ya ardhi. Unadunda mara mbili tatu, unapanda mwinuko, unazama bondeni, unapinda kushoto kwa sababu ardhi yenyewe imeelekea kushoto, halafu unaishiwa mwendo karibu na bendera. Anayeutazama mara ya kwanza atasema ni bahati. Aliyewahi kuujaribu anajua kwamba mpigaji aliiona njia yote hiyo kabla hajanyanyua fimbo.

Mkwaju huo ulizaliwa ufukweni mwa Uskoti, kwenye viwanja ambavyo watu walivikuta tayari. Ni ile ardhi iliyobaki kati ya bahari na mashamba: mchanga uliofunikwa na majani mafupi, membamba na magumu, isiyo na miti wala rutuba ya kulima. Mvua ikinyesha maji yanazama mara moja, ndiyo maana ardhi hukaa ngumu na mpira hukimbia. Upepo haukuti kitu cha kuuzuia. Viwanja vingi vya namna hiyo viko kwenye midomo ya mito, na ule maarufu kuliko vyote, Old Course ya St Andrews, uko jirani na mahali mto Eden unapoingia baharini.

Mimi nauona mchezo huu kwa macho ya mtu wa Ilagala, kusini mwa Ujiji, mahali ambapo mto Malagarasi unakaribia kumaliza safari yake ndefu na kujimwaga Ziwa Tanganyika. Uwanja wa gofu hatuna. Tuna michikichi, mihogo, dagaa, migebuka, na kivuko cha kuvukia mto. Lakini mdomo wa mto tunao, mchanga tunao, na kuanzia Mei hivi hadi Septemba tunao upepo wa kusini unaowafanya hata wavuvi wazoefu waukague uso wa ziwa kabla ya kusukuma mtumbwi majini. Mtu aliyekulia hapo ameshajifunza sehemu kubwa ya gofu ya ufukweni kabla hajashika fimbo. Anayevuka Malagarasi kwa kasia haelekezi mtumbwi kule anakotaka kufika. Anauelekeza juu zaidi, kama anayepotea, na mkondo wenyewe ndio unaomshusha hadi gatini. Mchezaji gofu aliyekutwa na upepo wa ubavuni hufanya hivyohivyo: analenga pembeni, pengine nje kabisa ya njia ya majani, kwenye vichaka, akiamini kwamba upepo utaurudisha mpira. Kulenga vichaka na kupiga kwa moyo mtulivu si jambo dogo. Wengi hulenga sawasawa, kisha dakika ya mwisho mikono inaogopa na kuuvuta mpira kuelekea bendera.

Lakini ugumu hasa uko kwenye upepo wa usoni. Kila mwili wa binadamu unapokutana na upepo unataka kutumia nguvu zaidi, na hapo ndipo ufundi unapoanza kutenganisha watu. Fimbo za chuma hupiga mpira ukiwa chini na uso wa fimbo ukiwa umelala kidogo, kwa hiyo mpira unatoka ukizunguka kinyumenyume. Mzunguko huo ndio unaounyanyua. Ukipiga kwa nguvu zaidi, mzunguko unaongezeka, na upepo wa usoni unaushika na kuupandisha mpaka mpira unasimama hewani na kuanguka mbele ya miguu yako, au karibu yake. Nguvu yako yote umeikabidhi kwa upepo. Dawa yake ni kupiga polepole. Fundi anachukua fimbo ya masafa marefu kuliko umbali uliopo: pale ambapo siku ya utulivu angetumia namba 8, anashika namba 5. Anaishika chini kidogo ya mahali pa kawaida. Anauweka mpira karibu na mguu wake wa kulia, viganja vikiwa mbele ya mpira. Anarudisha fimbo nusu tu, kisha anaipitisha na kuisimamisha mapema, mikono isivuke kifua. Mlio wake ni mfupi na mkavu.

Nimetazama watu wakijifunza mkwaju huu, na kinachowashinda mara nyingi si mikono. Ni kuamini. Unaona bendera iko mbali, upepo unakupiga macho hadi yanatoa machozi, na unaambiwa upige taratibu. Inabidi mtu akae na jambo hilo muda mrefu kabla halijaingia mwilini.

Kwetu Afrika Mashariki, mahali panapokaribia tabia hii ni Klabu ya Gofu ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1911. Uwanja wake uko juu ya majabali yanayoitazama Bahari ya Hindi, upande wa Barabara ya Mama Ngina, si mbali na feri ya Likoni. Una mashimo 9, kwa hiyo anayetaka kutimiza 18 anauzunguka mara mbili. Ni klabu ya wanachama, ingawa mgeni naye hupokelewa kwa malipo. Mwenye kushika sana masharti atasema huu si uwanja wa ufukweni hasa, kwa kuwa chini yake kuna mwamba wa matumbawe, wala si mchanga. Ni kweli, na mpira hautambai pale kama unavyotambaa Uskoti. Lakini upepo upo, na upepo wa pwani una majina na majira yake: Kusi ikivuma, mchezo ni mmoja, Kaskazi ikija, shimo lilelile linataka fimbo nyingine. Meli zinazoingia bandari ya Kilindini zinapita chini ya macho ya wachezaji. Na kwa kuwa kila shimo linachezwa mara mbili, mtu anajifunza haraka kwamba upepo wa asubuhi na ule wa jua kali si kitu kimoja. Mzunguko wa kwanza haumsaidii sana asiyetazama tena matawi na mawimbi.

Mjuzi wa mambo hayo ni kedi. Watu wanamwona kama mchukuzi wa mfuko wa fimbo, na mfuko kweli anaubeba, fimbo zisizozidi 14 kwa sheria. Kazi yake ya pili haionekani. Anajua ni wapi ardhi inadanganya macho, ni upande gani mpira hukimbilia, ni banka ipi isiyoonekana kutoka pale pa kuanzia. Banka ni yale mashimo ya mchanga yaliyotegwa njiani. Kedi mzuri hasemi maneno mengi. Atamwambia mgeni, "Mzee, shika namba tano, lakini uisindikize tu," na katika neno hilo la kusindikiza kuna somo zima la upepo. Naona tunawadharau sana watu hawa kwa kupima kazi yao kwa uzito wa mzigo.

Mabingwa wawili wakubwa wa gofu walitoka katika kazi hiyo, na wote wawili wanatuhusu. Wa kwanza ni Severiano Ballesteros wa Pedreña, kijiji cha pwani ya kaskazini ya Hispania. Alikuwa kedi, na uwanja wenyewe haukuwa wazi kwake kuucheza apendavyo, basi akajifundisha ufukweni akiwa na fimbo moja tu, namba 3. Fimbo hiyo ni ndefu na ngumu, haikutengenezwa kwa mikwaju mifupi, lakini kwa kuwa hakuwa na nyingine aliilazimisha kufanya kila kitu: kunyanyua mpira, kuutambaza, kuuchomoa mchangani. Mwaka 1978 alishinda Kenya Open kwenye uwanja wa Muthaiga, Nairobi. Mwaka 1984 akashinda Open ya Uingereza St Andrews kwenyewe. Mikono iliyofundishwa na mchanga wa ufukwe wa kwao ilikuwa nyumbani pale.

Wa pili ni Sewsunker Sewgolum wa Durban, ambaye watu walimwita Papwa. Alikuwa Mwafrika Kusini mwenye asili ya Kihindi, naye alianza kama kedi. Alishika fimbo kinyume na kila mtu, mkono wa kushoto chini na wa kulia juu, ilhali akipiga upande wa kulia. Hakuna mwalimu ambaye angemruhusu. Yeye hakuwa na mwalimu, na kwa mshiko huohuo alitwaa Open ya Uholanzi mwaka 1959, akarudia 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda Open ya Natal nyumbani kwao Durban, na kwa kuwa sheria za ubaguzi zilimkataza kuingia kwenye jengo la klabu, alikabidhiwa kombe nje, mvua ikinyesha. Miaka miwili baadaye alilishinda tena shindano hilo, akimtangulia bingwa Gary Player. Kila nikisikia mtu akifundishwa kwamba kuna namna moja tu ya kushika fimbo, namkumbuka Papwa.

Uwanja wa St Andrews, ambao ndio mama wa ufundi huu wote, ni mali ya umma. Jambo hilo huwashangaza wengi wetu, kwa sababu gofu tunayoijua Tanzania na Kenya karibu yote imekaa nyuma ya geti la klabu. Haki ya watu wa mji kucheza pale iliandikwa mwaka 1552. Baadaye mji ulifilisika, ardhi ikauzwa, ikawahi hata kugeuzwa mahali pa kufugia sungura, na mwaka 1894 sheria ya bunge ikairudisha mikononi mwa mji. Hadi leo mtu asiye mwanachama wa klabu yoyote anaweza kuomba nafasi kwa bahati nasibu na kucheza mahali walipocheza mabingwa. Jumapili kwa kawaida Old Course hufungwa kwa wachezaji, na wananchi huutembelea na mbwa wao na watoto wao. Naipenda habari hii kwa sababu inafanana na tunavyouchukulia ufukwe wetu: huyu anaanika dagaa, yule anashona nyavu, mwingine anapita tu, na hakuna anayemuuliza mwenzake ameingiaje.

Kuucheza uwanja huo ni kutoka kwenda na kurudi. Mashimo ya kwanza yanakupeleka mbali na mji, ya mwisho yanakurudisha, hivyo upepo uliokuwa mgongoni huwa usoni. Grini, yale majani yaliyonyolewa kuzunguka shimo, ni kubwa ajabu, na saba kati yake zina mashimo mawili mawili, moja la wanaokwenda na jingine la wanaorudi. Ukijumlisha namba za mashimo yanayoshiriki grini unapata 18 kila mara: la 2 na la 16, la 3 na la 15, hivyo hivyo hadi la 8 na la 10. Mtu anaweza kuwa kwenye grini na bado akawa mbali na shimo kuliko upana wa uwanja wa mpira wa kikapu. Shimo lenyewe lina kipenyo cha milimita 108.

Banka ziko 112, na kuta zake zimepangwa kwa matofali ya majani, zimesimama wima. Kubwa kati yake, kwenye shimo la 14, inaitwa Hell, yaani Jehanamu, na kina chake ni kama mita tatu. Jack Nicklaus, aliyekuwa ameshinda Open mara mbili uwanjani hapo, alihitaji mikwaju minne kutoka humo mwaka 1995. Mara nyingi busara ni kupiga kurudi nyuma. Nawaheshimu sana wanaoweza: bendera iko mbele, watu wanatazama, na mtu anageuka kwa utulivu na kuupeleka mpira alikotoka.

Mbele ya grini ya mwisho kuna bonde wanaloliita Valley of Sin, Bonde la Dhambi. Mwaka huohuo wa 1995, kwenye Open hiyohiyo, Mwitaliano Costantino Rocca alifika hapo akihitaji mikwaju miwili tu ili afungane na John Daly. Wa kwanza aliuharibu. Alijaribu kuunyanyua mpira juu ya bonde, ukagota na kurudi chini miguuni pake. Sasa ilibidi uingie. Akaweka kando fimbo ile, akachukua fimbo ya kusukumia, ile isiyonyanyua kabisa, na kuupiga mpira uende juu ya ardhi tupu. Ukapanda ukuta wa bonde, ukapinda, ukaenda kama mita ishirini, ukazama shimoni. Rocca alianguka kifudifudi akipiga ardhi kwa ngumi. Kombe alilichukua Daly kwenye mashimo manne ya nyongeza. Ukiutazama tena mkwaju huo, tazama kasi yake. Ilibidi iwe kubwa ya kutosha kuupandisha mpira kutoka bondeni, na ndogo ya kutosha ili ukifika juu usilipite shimo. Kipimo hicho Rocca alikipata dakika chache tu baada ya mikono yake kumsaliti, na kwa fimbo ambayo wengi wangeona haya kuitumia wakiwa mbali vile.