Kalamu Nyekundu ya Kilwa Masoko

Insha za Kiingereza ambazo vijana wa kidato cha nne huandika kuhusu Kilwa Kisiwani hufanana mno: kisiwa ni kizuri, kina magofu, watalii wanakipenda. Sarufi haina kosa, na msomaji hajaona chochote. Mwalimu mmoja wa Kilwa Masoko, niliyekaa pembeni yake akisahihisha rundo la madaftari, hana haraka na hilo neno "kizuri". Halikati. Analizungushia duara, kisha anaandika pembeni: umeona nini?

Binti mwenye daftari anarudi. Sasa kwenye insha yake maji yamekupwa, mashua imetia nanga, abiria wanakwenda ufukweni kwa miguu. "Wanakwendaje?" "Wamekunja nguo, madam." "Nani? Kabeba nini?" Anaporudi tena, yupo mama aliyepandisha kanga hadi magotini, mfuko wa unga kichwani, kandambili mkononi. "Kizuri" kimejiondokea chenyewe.

Darasani mwalimu humtaja msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Naye aliusifia mji uzuri wake, lakini nani anaikumbuka sifa hiyo? Kinachokumbukwa ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman akitoka sala ya Ijumaa, fakiri wa Yemen akamwomba nguo alizovaa, sultani akaingia ndani, akabadili, akampa zile zile. Lakabu yake, Abu al-Mawahib, tayari ilimtangaza kuwa mtoaji. Nguo ndizo zinazotufanya tuamini.

Ndiyo maana hata barua ya kushawishi mwalimu huyu haifundishi kama somo tofauti, na kwangu hapo ndipo ufundi wake ulipo hasa. Zoezi ni kumwomba mkurugenzi wa halmashauri madawati. Rasimu za kwanza ni kilio kitupu: tunateseka, tunaomba sana, kwa unyenyekevu mkubwa. Swali la pembeni ni lile lile. Kijana mmoja anaandika kwamba wakikaa watatu, wa katikati hasogezi kalamu mpaka jirani anyanyue kiwiko.

"Vizuri. Sasa mkurugenzi atasema hana fedha. Mjibu kabla hajasema."

Kijana anatazama dirishani kidogo, kisha anaongeza kuwa madawati mabovu yamerundikwa nyuma ya darasa, vyuma vyake bado vizima. Yanataka mbao na fundi tu. Mwalimu anakata aya mbili za shukrani, anabakiza salamu.