Mwezi Unaounguza: Imani, Uchunguzi na Uhakiki wa Utendi wa Mwindo

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu mwezi katika fasihi simulizi ya Kiafrika huelekea kuwagawa wahakiki katika kambi mbili. Kambi ya kwanza huorodhesha imani za jadi na kuzisahihisha kwa sayansi. Kambi ya pili hujibu kwa kudai kwamba sayansi hiyo ilikwisha kujulikana na wahenga. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kambi zote mbili zinatenda kosa moja, nalo ni kuuliza kila kauli juu ya mwezi swali lile lile. Mfano wetu mkuu unatoka Kivu ya Kaskazini, ambako milima ya Masisi, penye Kibabi, huteremkia misitu ya Walikale, nchi ya Wanyanga.

2. Mwindo mbele ya Mwezi

Utendi wa Mwindo ulisimuliwa kwa Kinyanga na Shekarisi Rureke mwaka 1956 mbele ya Daniel Biebuyck, ukachapwa mwaka 1969 na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, ukiambatana na tafsiri ya Kiingereza. Karibu na mwisho wake, Mwindo anamwua Kirimu, joka la msituni. Nkuba, yaani Radi, aliyekuwa rafiki wa joka hilo, anamchukua shujaa hadi mbinguni ili aadhibiwe. Huko Mvua inamtotesha, Mwezi unamwunguza nywele, na Jua linamtesa kwa kiu. Kila mmoja anamkaripia kwa majivuno yake. Anaporejeshwa duniani, amekatazwa kuua wanyama.

Mhakiki wa kambi ya kwanza atasema: hapa pana ujinga, kwani mwanga wa mwezi ni mwanga wa jua unaoakisiwa, nao ni hafifu mno, mwezi mpevu hung'aa mara 400,000 hivi pungufu ya jua. Hauwezi kuunguza hata unywele mmoja. Hoja hiyo ni sahihi, lakini haimgusi msimulizi. Hadhira yake ilitembea katika mbalamwezi tangu utotoni, na hakuna aliyerudi nyumbani akiwa ameungua. Walijua kwa macho yao kwamba mwanga huo ni wa upole. Kwa hiyo adhabu ya Mwindo ina uzito kwa sababu inapingana na uzoefu wao: kile kisichomdhuru mtoto kinamwunguza shujaa, kwa kuwa amesimama mbele yake kama mshtakiwa. Bila uchunguzi huo wa kila usiku, tukio hili lisingekuwa na maana yo yote.

Mhakiki wa kambi ya pili naye anaweza kukumbusha kwamba uso wa mwezi, wakati wa mchana wake, hufikia joto la nyuzi 120 hivi za Selsiasi, kisha akadai kwamba Wanyanga walilijua jambo hilo. Utetezi wa namna hii unaonekana kuwa heshima, lakini kwa kweli unaupunguza utendi, kwa sababu unaupima kwa kipimo ambacho haukujiwekea. Mwezi wa Mwindo ni hakimu. Swali linalomfaa hakimu ni kama hukumu yake ni ya haki, na mhakiki anayepima joto lake amekwisha kuliacha swali hilo.

3. Pale ambapo sayansi ina neno la mwisho

Hata hivyo, haifuati kwamba kila kauli juu ya mwezi ina kinga ya fasihi. Husikika katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki kwamba kifafa hufuata mwezi. Imani hiyo si ya Waafrika peke yao. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 17, neno la Kiyunani linalotaja ugonjwa wa kijana limetokana na jina la mwezi, na lugha kadhaa za Ulaya zina maneno ya wazimu yaliyozaliwa na neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union waliandika kifafa tu, na mwezi ukatoweka katika aya hiyo.

Kauli kwamba kifafa hufuata mwezi inahusu mwili wa mtu na tarehe za kalenda. Kwa hiyo inapimika. Jamaa ya mgonjwa anaweza kuandika katika daftari siku za kuanguka kwake kwa miezi kadhaa, kisha akazilinganisha na kuandama na kupevuka kwa mwezi. Hapa kosa lina gharama. Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo, na dawa zake, kama vile fenobabito, humezwa kila siku. Anayezimeza kwa kufuata mwezi anajiweka katika hatari.

4. Lugha inayobeba yote mawili

Lugha yenyewe imekwisha kuzoea kutenganisha picha na dai. Tunasema mwezi umepatwa, kama mtu aliyepatwa na ugonjwa au msiba. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa kikamilifu kwa dakika 82, na kwa saa za Goma hatua hiyo ilianza kama saa 1:30 usiku. Dunia ilikuwa kati ya jua na mwezi. Wekundu ulioonekana ni mwanga wa jua uliopindwa na angahewa ya dunia. Mwalimu aliyelieleza jambo hilo hakulazimika kutafuta kitenzi kingine. Picha ilibaki katika neno, na maelezo yakawa ya elimu ya nyota.

5. Hitimisho

Mtafsiri ye yote wa utendi huu kwa Kiswahili hana budi kuchagua kwa uangalifu kati ya kuchoma, kuunguza na kubabua. Akichagua neno dhaifu ili asiikosee fizikia, atakuwa ameifuta hukumu ya Mwindo. Katika darasa la fasihi, yafaa mwanafunzi aulizwe kwanza: kauli hii inataka kusadikiwa, kupimwa, au kusikilizwa kama hukumu? Akijibu vema, ataweza kumtetea Shekarisi Rureke dhidi ya wanaomwita mjinga, na jioni hiyo hiyo kumshauri jirani asiache dawa ya mwanawe kwa kungoja mwezi.