Hazina, Ruzuku na Athari: Utata wa Istilahi katika Maombi ya Fedha za Umma

Makala haya yanachunguza istilahi chache zinazotawala maombi ya fedha za umma nchini Kenya. Dai lake ni kwamba kasoro ya istilahi hizi haitokani na uhaba wa maneno, bali na kulibebesha neno moja dhana zinazopingana.

Sagana ni mfano unaofaa. Mji huu wa Kirinyaga, katika njia ya kutoka Nairobi kwenda Nyeri, una kituo cha serikali cha ufugaji wa samaki kilichoanzishwa mwaka 1948. Kikundi cha wafugaji mahali kama hapa kinapoomba fedha, fomu aghalabu huwa ya Kiingereza, maelezo ya afisa huwa ya Kiswahili, na mashauriano ya wanachama huwa ya Kikuyu. Dhana huvuka madaraja mawili kabla ya kutiwa sahihi.

Neno la kwanza ni hazina. Kwa asili ni mahali pa kuwekea mali. Nchini Kenya limekuwa pia jina la fungu la fedha lililotengwa kwa kazi maalumu. Lakini Hazina ya Uwezo, iliyozinduliwa mwaka 2013, hukopesha vikundi bila riba. Hazina ya Hasla, ya mwaka 2022, hukopesha kwa riba. Ilhali hazina iliyoundwa mwaka 2015 kwa ajili ya makundi yaliyoachwa nyuma hutoa msaada usiorudishwa. Jina ni moja, wajibu ni tofauti. Istilahi ya Tanzania, mfuko, haiondoi tatizo, kwani nayo hutaja chombo tu, wala haitaji sharti la fedha zilizomo.

Ruzuku lingeweza kuziba pengo hilo. Neno hili ni la shina moja na riziki, na anayeruzukiwa hadaiwi. Hata hivyo, mkulima wa kahawa au chai wa Mlima Kenya amelizoea katika mbolea ya ruzuku, ambayo huinunua kwa bei iliyopunguzwa. Akiambiwa kikundi chake kitapewa ruzuku, ana haki ya kuuliza ni sehemu gani atakayoilipa mwenyewe.

Fomu huuliza pia juu ya athari na matokeo ya mradi. Katika matumizi ya kawaida athari huelekea ubaya: athari za ukame, athari za pombe. Mwombaji mwaminifu huweza kuorodhesha madhara ya bwawa lake, akapoteza alama. Matokeo nayo hutumiwa kwa bwawa lililochimbwa na kwa lishe iliyoboreka, ingawa la kwanza ni kazi iliyokamilika na la pili ni badiliko katika maisha ya watu.

Huenda ikasemwa kwamba muktadha hufafanua. Lakini muktadha huo anao afisa. Mwombaji anatafuta kuupata kwa maneno hayo hayo. Na wanachama wanaodhaminiana wakidhani mkopo ni zawadi, hasara huwa yao wote.

Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imeifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Urasmi huo unadai zaidi ya tafsiri ya majina. Kila hazina na itajwe pamoja na sharti lake: ya mkopo, au ya msaada usiorudishwa. Istilahi isiyomwambia mtu kama anadaiwa haijakamilisha kazi yake.