Kurasa Zilizogandamana

Kitabu chenyewe ni Jamhuri ya Plato, tafsiri ya Kiingereza ya Benjamin Jowett, toleo la tatu, lililopigwa chapa Oxford mwaka 1888. Nilikiokota chuo cha ualimu kilipokuwa kinatupwa pamoja na vitabu vingine vilivyolowa mvua. Jalada limeliwa na mende, ambao hupenda gundi ya wanga, uti umelegea, karatasi imekuwa na rangi ya chai na hukatika ukiikunja.

Wahakiki huitenga hali ya kitabu na maneno yake. Nami nilifanya hivyo miaka mingi, kumbe ilikuwa hasara yangu.

Katika Kitabu cha Tatu, Socrates anatunga hadithi ambayo yeye mwenyewe anakiri kuwa ni uongo wenye manufaa: kwamba Mungu alichanganya dhahabu katika wanaofaa kutawala, fedha katika wasaidizi wao, chuma na shaba katika wakulima na mafundi. Papo hapo, katika nakala yangu, kurasa mbili zilikuwa zimegandamana kwa unyevu. Pambizoni mwa tafsiri hii zimo namba zinazofuata chapa ya Stephanus ya mwaka 1578. Kwangu zilitoka 414 zikarukia 416, wala sikujali. Hadithi ya madini nilikwisha kuisikia darasani, nikadhani naijua: mtu huzaliwa na madini yake, basi.

Nilipokuwa mkuu wa shule niliigawa mikondo miwili. Wepesi niliwapa mwalimu bora, wazito nikawapa yeyote aliyekuwa na nafasi. Nilifanya hivyo huku nikiwahubiria walimu wangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, inayolaumu elimu ya kuwateua wachache.

Baada ya kustaafu nilimpelekea kitabu fundi wa kujalidi. Alikikausha kivulini, akapitisha kisu chembamba, akazitenganisha kurasa bila kung'oa hata herufi moja. Ndipo nikasoma kwamba wazazi wa dhahabu huweza kuzaa mtoto wa fedha, na wa fedha wakazaa wa dhahabu. Kwamba agizo la kwanza kwa watawala ni kuwachunguza watoto. Kwamba mtoto wao wenyewe mwenye chuma ashushwe bila huruma, na wa mkulima mwenye dhahabu apandishwe.

Sisemi kwamba ukurasa huo unamtakasa Plato. Amejenga haki juu ya uongo, na mizani yote ameiweka mikononi mwa walio juu. Lakini aliacha mlango wazi. Mimi niliufunga kwa jina lake.

Fundi yule alikuwa mwanafunzi wangu, wa mkondo wa wazito. Nilipomfasiria ukurasa ule alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, na huyo anayepima akikosea, mtoto anamwendea nani?"

Nimelitafuta jibu. Plato anataka walinzi wapimwe kwa taabu, hofu na anasa. Lakini mtoto aliyepimwa vibaya hapewi pa kukata rufaa. Katika miaka yote niliyofundisha, sikuwahi kusikia uhakiki wa Jamhuri ulio mfupi na sahihi kuliko ule. Nilimlipa ujira wake wa kujalidi. Deni lile jingine bado ninalo.