Shingo Isiyoyumba

Gitaa la umeme likianza kusumbua, wengi hulaumu waya, spika au pikapu. Fundi mzoefu hulinyanyua, akafumba jicho moja kama anayelenga bunduki, akaitazama shingo kwa urefu wake. Nyuzi sita zilizokazwa sawasawa huivuta kwa nguvu ya kilo 40 na ushei, usiku na mchana, hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani. Mti ukikubali kuvutwa, japo kwa unene wa kucha, nyuzi huinuka juu ya freti, vidole vinaumia na sauti haikai mahali pake.

Mwaka 1974, huko California, muundaji wa magitaa Travis Bean aliamua kuacha kuubembeleza mti. Alichukua mche wa alumini, akauchonga kwa mashine ukawa kitu kimoja kuanzia kichwani, kupita shingoni, hadi katikati ya kiwiliwili, na pikapu na daraja la nyuzi akavifunga juu ya alumini hiyohiyo. Kwa hiyo ncha zote mbili za uzi zilishikwa na kipande kimoja, bila kiungo cha gundi wala skrubu kati yake. Kichwani alikata tundu lenye umbo la herufi T. Unapiga uzi, unangoja, bado unaimba. Hadi kiwanda kinafungwa mwaka 1979 vilikuwa vimetoka vyombo vipatavyo 3,650, magitaa na besi. Mpiga gitaa Jerry Garcia alipiga gitaa la Bean, na mwenzake Steve Albini alidumu nalo kwa miongo.

Kasoro zilikuwepo. Alumini ni baridi kiganjani, kisha joto la ukumbi huitanua na gitaa kuhama sauti. Kampuni ya Kramer, kuanzia 1976, ilipachika vipande vya mbao mgongoni mwa shingo za namna hiyo ili mkono usigutuke. Mimi namsifu zaidi Bean, aliyeiacha alumini wazi bila kuomba radhi.

Lakini hata yeye, pale vidole vinapokanyaga, alirudi kwenye mti: aliweka ubao wa rosewood, mti wa jenasi ya Dalbergia. Mpingo wa Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, Dalbergia melanoxylon, ni wa ukoo huohuo.

Pasua gogo lake uone. Nje kuna utepe wa rangi ya maziwa, laini, chakula cha wadudu. Ndani ni weusi wenye zambarau kwa mbali, mzito kiasi cha kuzama majini. Msumeno hupoteza makali upesi, na vumbi lake jeusi hugandamana na jasho shingoni mwa mpasuaji. Kipande kikavu ukikigonga kwa kifundo cha kidole kinalia. Waundaji wa klarineti wa Ulaya wameutegemea mti huu kwa vizazi, na wapo waundaji wa magitaa wanaoutaka kwa ubao wa vidole.

Mbona basi klarineti zinaupata zaidi? Mpingo hupenda kujipinda, na mara nyingi una pango au ufa moyoni. Klarineti huungwa kwa vipande vifupi. Ubao wa gitaa unadai karibu nusu mita iliyonyooka, bila fundo. Na mti wenyewe hauna haraka. Inasemwa huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia kuvunwa. Mche uliochipua Nachingwea mwaka 1951, mradi wa Waingereza wa kulima karanga huko ulipokufa baada ya mitambo kung'oa pori bila kuchagua, leo ndio kwanza unafikiriwa kuvunwa.

Kwa hiyo ndugu fundi, ukipata kipande cha mpingo kilichonyooka sentimita 50, usikikate vipini vya visu. Paka nta ncha zote mbili ili kisikauke kwa pupa kikapasuka, kiweke kivulini penye hewa, mbali na sakafu, na uandike juu yake mwaka uliokiweka. Kisha mtafute mpiga gitaa.