Nafsi na Roho: Istilahi Mbili Zisizo na Mpaka

Mfasiri wa maandiko ya falsafa au ya dini ya Kikristo hawezi kwenda mbali kabla ya kukutana na neno la Kigiriki psyche, ambalo kwa Kilatini ni anima. Katika Kiswahili maneno mawili humngojea: nafsi na roho. Yote mawili yametujia kutoka Kiarabu, na yote mawili yameota mizizi. Kwa hiyo shida yetu si uhaba wa maneno, bali ni kukosekana kwa mpaka baina ya maneno tuliyo nayo.

Tuitazame Biblia ya tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952. Katika Marko 8:36, psyche imekuwa nafsi. Katika Mathayo 10:28, neno lile lile, likilinganishwa na mwili, limekuwa roho. Katika Luka 1:46, kinywani mwa Mariamu, limekuwa moyo. Hatuwalaumu watafsiri kwa hayo peke yake, maana moyo unaomwadhimisha Mungu ni Kiswahili fasaha, na maandiko ya ibada husomwa ili yaguse, si ili yapimwe kwa mizani ya istilahi. Lakini katika 1 Wathesalonike 5:23 Mtume Paulo anataja mambo matatu kwa mpango huu: pneuma, psyche na mwili. Kiswahili kimetanguliza nafsi, kikafuatisha roho. Je, ni mpango uliogeuzwa, au ni maana zilizobadilishana? Msomaji asiyejua Kigiriki hana njia ya kutambua, na hoja yoyote atakayoijenga juu ya aya hiyo itasimama juu ya mchanga.

Katika falsafa ugumu ni wa namna nyingine. Plato alifundisha kwamba psyche haifi, na kwamba imo mwilini kama mgeni. Aristotle alikataa utengano huo: kwake psyche ni umbo la mwili wenye uhai, ndilo linaloufanya uwe hai. Kwa sababu hiyo mimea nayo inayo, kwa kuwa hujilisha na kukua. Wanyama huongezewa hisi, na binadamu akili. Sasa mwalimu akitamka darasani “roho ya mgomba”, wanafunzi watafikiri habari za mizimu. Akisema “nafsi ya mimea”, watauliza maana yake, na hapo somo litaanza. Tena atakuwa katika njia iliyokwisha kukanyagwa: Ibn Sina (980–1037), alipoieleza dhana hii ya Aristotle kwa Kiarabu, alitumia nafs, na neno ruh akaliweka kwa ule mvuke mwembamba ambao waganga wa zamani waliamini kuwa huchukua nguvu za uhai mwilini.

Je, basi tuamue kwamba psyche ni nafsi kila mahali? Hapana. Neno hilo limekwisha kupewa kazi nyingine. Katika sarufi tunasema nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Na katika mafundisho ya Kanisa tunasema Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Mtaguso wa Chalcedon wa mwaka 451 ulikiri kwamba Kristo ni nafsi moja, naye ana psyche yenye akili pamoja na mwili. Tukiandika kwamba Kristo ni “nafsi moja mwenye nafsi na mwili”, tumeliharibu fundisho lenyewe. Psyche hiyo ilitajwa makusudi, ili kumkanusha Apollinarius, aliyeshikilia kwamba ndani ya Kristo Neno wa Mungu alishika mahali pa akili ya kibinadamu. Wako wanaotegemea herufi kubwa kutofautisha Nafsi na nafsi; lakini herufi kubwa haisikiki mtu anaposomewa.

Maoni yetu ni haya. Katika falsafa, psyche na anima ziwe nafsi, na pneuma iwe roho. Katika maandiko yanayohusu Utatu na Kristo, nafsi iachiwe maana iliyokwisha kuzoeleka, na anima iitwe roho ya kibinadamu. Wala matumizi hayo si mageni, kwani waumini huombea roho za marehemu. Sifa hiyo isiachwe, isije roho hiyo ikachanganywa na Roho Mtakatifu.

Hata hivyo yako maandiko yanayokataa kugawanywa hivi. Thomas Aquinas (1225–1274) alichukua umbo la Aristotle, akashikilia pia kwamba anima ya binadamu hubaki baada ya kifo. Naye huandika juu ya Utatu katika kitabu kile kile. Mfasiri wake hapana budi achague njia moja, aitangaze katika dibaji, na aifuate hadi ukurasa wa mwisho. Istilahi yenye kasoro ikishikwa kwa uaminifu humfikisha msomaji. Istilahi nzuri inayobadilishwa kimyakimya humpoteza.